Saa Nane Mchana, Saa Nane Usiku

Najua wengine mmevutwa na maneno "upasuaji wa urembo" kwenye tangazo la mazungumzo haya, na mlitarajia picha. Picha sina. Mimi ni daktari wa usingizi. Kazi yangu ni kukaa upande wa kichwa cha mgonjwa, nyuma ya shuka la kijani, mahali ambapo hilo tumbo linalokazwa au titi linaloinuliwa halionekani kabisa. Ninachokiona ni uso, kifua kinachopanda na kushuka, na namba kwenye kioo.

Anayekuja kwa ajili ya urembo nimemzoea kwa neno moja: "tu". "Daktari, ni kope tu." "Ni mafuta ya kiunoni tu." "Ni kidevu tu, nusu saa." Mama anayekuja kutolewa kizazi hasemi "tu". Huyo kaja na dada zake watatu, wameshasali, na wana mtu wa kuchangia damu. Huyu wa kidevu kaja peke yake na funguo za gari mkononi, ana miadi nyingine jioni.

Basi na mimi nianze na ukucha tu.

Tarehe 28 Januari 1848, katika kijiji cha Winlaton karibu na Newcastle, Uingereza, binti wa miaka 15 aliyeitwa Hannah Greener alikalishwa kitini nyumbani ili atolewe ukucha wa kidole gumba cha mguu. Miezi michache nyuma alishatolewa ukucha mwingine kwa etha, akaamka salama. Safari hii daktari alikuwa na dawa mpya, klorofomu, ambayo James Young Simpson wa Edinburgh alikuwa ameitangaza Novemba 1847, hata miezi mitatu haijatimia. Akamimina kama kijiko cha chai kwenye kitambaa, akamshikia puani. Mkono wa binti ukakakamaa, daktari akamwambia msaidizi wake akate. Kisu kilipopita, binti alishtuka kidogo, kisha midomo ikapauka. Wakamrushia maji usoni, wakamtia brandi mdomoni. Ndani ya dakika chache alikuwa amekufa. Ukucha wenyewe ulitoka vizuri.

Tangu siku hiyo sisi wa fani hii tunalijua jambo ambalo wateja wa urembo hawaambiwi: udogo wa upasuaji hauipunguzii dawa ya usingizi nguvu zake. Kuna ukucha ulioua, na kuna watu wamefunguliwa kifua chote wakaenda nyumbani kwa miguu yao. Na kila aina ya ganzi au usingizi ina saa yake ya hatari. Nyingine ni dakika ya kwanza, nyingine ni katikati, nyingine ni siku ya pili. Moja, nitakayokaa nayo sana leo, saa yake hufika mgonjwa akiwa amelala kitandani kwake na daktari akiwa amelala kwake.

Tuweke maneno sawa kwanza. Ganzi mnaijua: umekaa mkekani msibani, mguu umeukalia saa nzima, ukiinuka mguu upo, unauona, lakini si wako. Nusukaputi ni neno lenye kutisha zaidi. Nusu tunaifahamu, na kaputi ndiyo ile ya Kijerumani, kitu kilichokwisha haribika. Mtu aliyetoa jina hilo alimwona mgonjwa kitandani akasema huyu yuko nusu ya njia. Hakukosea sana. Lakini kati ya ganzi na nusukaputi kuna uwanja mpana, na kliniki za urembo zinaupenda uwanja huo kuliko kitu kingine chochote. Kwenye matangazo wanauita "usingizi mwepesi". Nitafika huko.

Ganzi ya sehemu moja ya mwili ilianzia jichoni. Mwaka 1884 kijana mmoja wa Vienna, Karl Koller, alijitia matone ya kokeni jichoni, akashika pini, akajigusa jicho mbele ya kioo. Hakuhisi kitu. Mpaka leo upasuaji wa kope, ambao ni miongoni mwa unaofanywa sana katika urembo, kwa kawaida hufanywa kwa ganzi, ila dawa si kokeni tena. Ni lidokaini, iliyotengenezwa na Nils Löfgren huko Sweden mwaka 1943. Wengi wenu mmeipata kwa daktari wa meno.

Inafanyaje kazi? Neva hupeleka habari kwa kufungua vijilango vinavyoingiza sodiamu, kijilango baada ya kijilango, kama watu wanaopokezana ndoo. Lidokaini huingia na kukaa kwenye kijilango hicho kama yule abiria anayesimama mlangoni mwa daladala: hapandi mtu, hashuki mtu. Habari ya kisu ikifika hapo inaishia hapo. Kuguswa na kuvutwa mgonjwa anaweza kuendelea kuhisi, na tusipomwambia mapema anadhani dawa imekataa.

Tatizo ni kwamba vijilango hivyo haviko kwenye kope peke yake. Viko kwenye ubongo, viko kwenye moyo. Ndiyo maana lidokaini ina kipimo: miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mwili, au 7 ikichanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa midogo ya damu ili dawa isikimbie. Mtu wa kilo 70 anafikia mwisho kwenye miligramu 490. Chupa ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, kwa hiyo ni kama mililita 24. Si nyingi. Ikizidi, mgonjwa huanza kusema ulimi umekufa ganzi, mdomoni kuna ladha ya chuma, masikio yanalia. Mbele ya hapo kuna degedege, na mbele ya degedege moyo unasimama. Dawa ya kuokoa ipo, nayo ni mafuta meupe kama maziwa yanayoingizwa kwenye mshipa, ambayo Guy Weinberg wa Marekani alionyesha mwaka 1998 kwamba yanaweza kumnusuru panya aliyepewa ganzi ya kuua. Leo yanaokoa watu. Kliniki ambayo haina chupa hiyo kabatini, mimi mwenyewe singejilaza kwenye kitanda chake hata kwa kope.

Sasa tuje kwenye mafuta. Kunyonya mafuta kulipoanza, kulifanywa kwa nusukaputi na kulimwaga damu nyingi. Mwaka 1985 daktari wa ngozi wa California, Jeffrey Klein, akabuni njia nyingine, akaichapisha mwaka 1987. Anachukua lita nzima ya maji ya chumvi, anatia lidokaini kidogo, kati ya miligramu 500 na 1,000, anatia miligramu moja ya adrenalini na magadi kidogo ya hospitali ili isiwashe, kisha anaijaza chini ya ngozi, lita juu ya lita, mpaka nyama inakuwa ngumu kama boga. Mafuta yanalegea, mishipa inajifunga, damu haitoki sana, mgonjwa yuko macho anazungumza. Kwa kweli ni ubunifu mzuri, na mimi si mtu wa kusifia madaktari wa ngozi ovyo.

Lakini angalieni hesabu. Klein mwenyewe mwaka 1990 alitoa kikomo cha miligramu 35 kwa kilo. Niliwaambia kikomo cha kawaida ni 7. Hii ni mara tano! Inawezekanaje mtu asife? Kwa sababu mafuta yana mishipa michache, adrenalini imeibana hiyo iliyopo, na dawa imezimuliwa sana. Inavuja kuingia kwenye damu polepole, kama mtungi wenye ufa mwembamba, usiku kucha. Kiasi chake katika damu hufika kileleni baada ya saa 12 hivi, wakati mwingine zaidi. Upasuaji ukifanywa saa nane mchana, kilele kiko saa nane usiku.

Mwaka 1999 madaktari wa New York walichapisha habari za watu watano waliokufa baada ya kunyonywa mafuta kwa njia hii. Watatu kati yao presha ilishuka ghafla na mapigo yakapungua wakiwa bado mezani. Mmoja alijaa maji mwilini, mmoja alipata bonge la damu kwenye pafu. Hawakuwa wazee wa kuugua. Walikuwa watu waliotaka nguo iwakae vizuri.

Na uzuri wa njia hii ndio umegeuka kuwa mtego wake. Kwa kuwa mgonjwa hahitaji kulala, mpasuaji anaweza kuifanya mwenyewe, bila mtu wa usingizi chumbani. Hiyo inashusha bei. Niliwahi kumuuliza mwenye kliniki mmoja nani anaangalia mapigo wakati yeye ananyonya, akanijibu: "Nesi." Nesi alikuwa yule yule anayempa vifaa.

Nakuja kwenye usingizi mwepesi. Wengi huwaza kwamba ganzi, usingizi mwepesi na nusukaputi ni vyumba vitatu vyenye milango, ukitoka hiki unaingia kile. Watu wa pwani mtanielewa nikisema si hivyo. Ni kama kutembea mwambani wakati maji yanajaa. Sasa hivi yako kwenye vifundo, unaokota chaza, unazungumza na mwenzako. Unainama mara mbili, yako kiunoni. Hukuvuka mstari wowote. Mgonjwa ni huyo huyo, dawa ni hiyo hiyo, imeongezwa mililita mbili kwa sababu alijitikisa, na aliyekuwa anajibu akiitwa sasa hajibu. Madaktari wa Marekani wameugawa mteremko huo katika hatua nne kwenye karatasi. Mwilini hauna hatua.

Dawa inayotumika sana hapa ni propofoli. Iligunduliwa Uingereza katika maabara za kampuni ya ICI na timu ya John Glen, ambaye, mpende msipende, ni daktari wa mifugo. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Ni nyeupe kama maziwa, inawasha kidogo ikiingia mkononi, na inamlaza mtu kabla hajamaliza kuhesabu mpaka kumi. Inatoka upesi pia. Mtu huamka ametulia, mara nyingine akiwa na furaha isiyo na sababu. Nimeitumia miaka mingi na naipenda. Ndiyo hiyo hiyo iliyomuua Michael Jackson tarehe 25 Juni 2009, chumbani kwake, akiwa na daktari wake lakini bila mashine za kumlinda mtu aliyepewa dawa ya namna hiyo. Watu walizungumza sana juu ya jina la dawa. Mimi nilichokiona katika kesi ile ni kwamba daktari alitoka chumbani.

Propofoli haina dawa ya kuirudisha. Ikizidi, kinachomrudisha mgonjwa ni mtu anayejua kumpulizia hewa. Ulimi ni msuli. Ukilegea unaanguka nyuma na kuziba njia. Unamwona mtu kifua kinajitahidi, tumbo linapanda, na hewa haiingii. Mkono wa mtu aliyefunzwa unakamata taya na kulivuta mbele, sentimita moja, mbili, na pumzi inarudi kwa sauti ambayo nisingependa niielezee kwenye chakula cha jioni. Hiyo ndiyo kazi yetu. Dawa anaweza kuisukuma mtu yeyote mwenye kidole gumba.

Na kwenye uso kuna jambo lingine ambalo haliko kwenye tumbo. Mgonjwa wa usingizi mwepesi huwekewa oksijeni puani. Mpasuaji wa uso, sentimita chache kutoka puani, anatumia chuma cha umeme kuunguza mishipa inayovuja. Oksijeni, cheche, pamba. Moto juu ya uso wa mtu ni jambo linalotokea kweli, na linatokea kwenye kazi za aina hii hasa. Ndiyo maana mtaniona nafunga oksijeni na kusema kwa sauti, "Subiri dakika," na mpasuaji ananuna. Acha anune.

Wengi mmekiona kile kifaa cha kubana kidoleni chenye taa nyekundu, hasa wakati wa korona. Kinapima oksijeni katika damu. Aliyebuni msingi wake ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970, na kimeokoa watu wengi kuliko madaktari wengi maarufu. Ila kwa mtu anayepewa oksijeni ni shahidi anayechelewa. Pumzi inaweza kusimama, na kidole kikaendelea kusoma 99 kwa dakika kadhaa, kwa sababu akiba ipo. Kifaa cha pili, kinachopima hewa chafu inayotoka puani, kinakuambia pumzi ile ile imekosekana. Mkiulizia mashine kwenye kliniki, ulizieni hiyo ya pili. Mara nyingi ndiyo isiyonunuliwa.

Nikiwa bado kwenye kidole, nina neno kwa bibi harusi. Alikuja dada mmoja, siku nne kabla ya harusi, kutolewa uvimbe wa mafuta begani ili gauni likae. Vidole vyote kumi piko, nyeusi ti mpaka kwenye ncha, na miguuni hivyo hivyo. Tukambana kidole cha kwanza, mashine ikasoma 84, mara mistari tu. Cha pili, hakuna. Nesi kijana akaanza kutafuta kitambaa na spiriti, nikamwambia piko haitoki kwa spiriti, mwache bibi harusi wa watu. Tukabana ndewe ya sikio, tukavua hereni kwanza: 99. Hina nyekundu haina shida sana, hii nyeusi ndiyo inayokula mwanga. Rangi za kucha nyeusi na bluu nazo hudanganya kidogo. Na kope za kubandika zivuliwe, kwa sababu mtu wa nusukaputi tunamfunga macho kwa utepe ili mboni isikwaruzwe, na utepe huo ukitoka, kope zinatoka nao, za kununua na za Mungu pamoja.

Sindano ya mgongo nitaipitia upesi, maana kina mama wengi hapa mmechomwa mkijifungua kwa upasuaji. Katika urembo inafaa kwa kazi za chini: tumbo, mapaja. August Bier wa Kiel, Ujerumani, ndiye aliyeianzisha mwaka 1898. Yeye na msaidizi wake Hildebrandt walichomana. Kwa Bier sindano haikukaa sawa, majimaji ya uti wa mgongo yakamvuja. Kwa Hildebrandt ikakubali, na Bier akampiga nyundo ya chuma kwenye muundi na kumgusisha sigara ya moto. Hakuhisi. Wakasherehekea kwa mvinyo. Kesho yake kichwa kikawapasua wote wawili, Bier akalala kitandani siku tisa. Kwa hiyo saa za hatari za sindano hii ziko mbili: dakika za kwanza, presha inaposhuka na mgonjwa akasema anaona kichefuchefu, na siku ya pili, kichwa kinachouma ukikaa na kupoa ukilala. Sindano za leo ni nyembamba mno ukilinganisha na ya Bier. Lile la kwamba utaumwa mgongo mpaka uzeeni tumelisikia kwenye kila kibaraza. Mgongo huumwa na mimba, na mtoto wa kilo kumi na mbili, na ndoo.

Kuna pia ketamini, ambayo hospitali zetu za wilaya zisingefanya kazi bila hiyo. Haishushi presha, pumzi inaendelea, na mgonjwa hayuko usingizini hasa, ameachana na mwili wake kwa muda. Ila huota. Fundi mmoja wa cherehani aliniambia alikuwa juu ya dari anaangalia watu wanamshona vibaya.

Nusukaputi kamili inahitajika kwa kazi ndefu: matiti, kukaza tumbo, kuchanganya sehemu mbili tatu kwa mpigo. Watu wanaiogopa kuliko zote, na ajabu ni kwamba kwa kazi ndefu ndiyo mara nyingi ninayoiona ya uhakika zaidi, kwa sababu njia ya hewa iko mikononi mwangu tangu mwanzo. Mpira uko kooni, mashine inapumua, namba zote ziko mbele yangu. Hatari yake imekaa kwenye ncha mbili, wakati wa kulala na wakati wa kuamka, kama ndege inaporuka na inapotua. Mwandishi wa Marekani Olivia Goldsmith, aliyeandika riwaya ya The First Wives Club, aliingia kufanyiwa upasuaji wa ngozi ya kidevu mapema Januari 2004. Alizimia akiwa anapewa dawa ya usingizi, hakuamka tena, akafa tarehe 15 mwezi huo. Ni kidevu tu. Riwaya yake ilikuwa juu ya wake walioachwa kwa ajili ya wanawake vijana.

Ili ncha ya kwanza ipite salama tumbo liwe tupu. Hapa ndipo Kiswahili chetu kinatuletea kesi. Nauliza, "Umekula?" Ananijibu, "Sijala, nimekunywa." Umekunywa nini? "Uji." Uji ni chakula, dada yangu. Chai ya maziwa ni chakula. Supu ni chakula. Maji meupe na chai ya rangi isiyo na kitu, hizo unaweza mpaka saa mbili kabla ya kulala. Mlo mwepesi na maziwa ni saa sita, na vya mafuta, chapati na mchuzi wa nazi, ni saa nane. Mtu akilazwa tumbo likiwa na kitu, kinapanda kooni na kushukia mapafuni, na pafu lililoungua kwa tindikali ya tumbo halitaniwi.

Siku hizi limezuka jambo jipya. Wengi wanaokuja kukaza ngozi ya tumbo wamekwisha pungua kwa sindano za kila wiki, Ozempic na ndugu zake. Dawa hizo humfanya mtu ashibe kwa kulichelewesha tumbo lisimwage chakula. Amefunga tangu jana jioni kwa uaminifu kabisa, na wali wa jana bado umo. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kilitoa tahadhari kuhusu hilo. Wagonjwa hawasemi, kwa aibu. Wamewaambia mashoga zao ni mazoezi. Sisi si mashoga zenu, tuambieni. Tuambieni na mirungi, inapandisha presha na mapigo. Tuambieni shisha. Tuambieni ile dawa ya kienyeji ya kusafisha damu.

Naulizwa mara nyingi: basi ipi ni salama? Swali hilo silijibu. Mimi nauliza nani atakuwa chumbani ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi na si kitu kingine. Madaktari wa usingizi ni wachache mno katika nchi zetu. Shirikisho la dunia la fani hii limependekeza angalau wataalamu watano kwa kila watu 100,000, na nchi nyingi za Afrika hazifiki hata mmoja. Kazi kubwa inafanywa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea usingizi, na wengi wao ni hodari. Nimefundishwa mambo na baadhi yao. Mimi simdai mtu cheti cha Ulaya. Ninachodai ni mtu mwenyewe awepo, asiwe ndiye anayekata, wala anayepeana mikasi.

Mnaikumbuka Ifakara? Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha ya usalama ya vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla ya kulaza, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, lilichagua hospitali katika miji minane duniani. Kulikuwa na London, Toronto, Seattle, na kulikuwa na Ifakara yetu ya Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa jumla. Hakukuwa na dawa mpya. Watu walisimama wakatajana majina, wakataja jina la mgonjwa, wakauliza kama kifaa cha kidole kinafanya kazi. Haigharimu hata shilingi. Na bado kuna kliniki zenye sofa za ngozi na mashine ya kahawa ambazo hazijawahi kuisoma.

Nisiseme ya wengine tu. Miaka kadhaa nyuma nilisimamia kazi ya kunyonya mafuta, kwa njia ya Klein. Mama mmoja, mzungumzaji, kadi yake ilisema kilo 84. Nikapiga hesabu, 35 mara 84, 2,940, tukatumia 2,900. Tulianza saa nane mchana. Alizungumza mwanzo mpaka mwisho, alitueleza ugomvi wote wa kikoba chao. Akaenda nyumbani saa kumi na mbili jioni na namba yangu ya simu.

Saa nane na robo usiku simu ikaita. Alikuwa mumewe. "Daktari samahani sana kukuamsha. Mama watoto anasema anahisi kama kalamba sarafu." Nikamuuliza masikio yakoje. Nikasikia anauliza, na sauti ya mama kwa mbali: "Mwambie kama kuna nzige." Nikawaambia watoke sasa hivi, wasisubiri boda, wachukue gari la jirani, waende hospitali iliyo karibu nao, na mimi nakuja huko huko.

Nilipofika alikuwa amelazwa, ana mashine kifuani, mapigo yako sawa. Chupa ya mafuta meupe iko kando ya kitanda, haijafunguliwa. Nikamwomba muuguzi tumpime uzito. Kilo 71. Ile kadi ilikuwa ya miezi mitano nyuma, na miezi mitano hiyo alikuwa anapungua kwa bidii ili afae kunyonywa hicho kilichobaki. Nilimpa miligramu 41 kwa kilo badala ya 35. Mizani ilikuwa mita tatu kutoka pale nilipokaa nikipiga hesabu. Nilimweleza yeye na mumewe, palepale, namba kwa namba. Mume akanitazama muda mrefu, kisha akanisogezea kiti.

Tulikaa. Saa tisa nzige wakapungua. Saa kumi akasema sarafu imeondoka. Adhana ilipolia alikuwa anakoroma, na mimi na mumewe tulikuwa tumeshazungumza mpira, bei ya saruji na watoto. Kulipokucha alifumbua macho, akaangalia waya kifuani, akaniangalia mimi, akauliza kama sasa anaruhusiwa chai.

Nikamwambia anaruhusiwa.

"Ya maziwa?"